Kati ya Sauti ya Pili na ya Tatu

Mwaka ule mvua ya Tukuyu haikukata hadi Juni,
nguo zikinuka moshi kwa kukaushwa juu ya mafiga,
na Lusajo akaacha kula.

Sikusema anaumwa. Kwetu ugonjwa
ni homa, ni tumbo, ni kitu cha kuonyesha kwa kidole.
Huyu alilala tu, uso ukutani,
blanketi hadi utosini,
mchana kweupe, wiki ya pili.

Ilianzia kwenye kwaya.
Mwalimu Mwakalinga alitaka safu zinyooke kabla ya Pasaka:
sauti ya kwanza na ya pili, magauni ya samawati;
ya tatu na ya nne, mashati meupe na tai.
Lusajo alikuwa akiimba pale katikati,
ya pili inaposhuka na ya tatu inapopanda
zikapishana kama watu wawili kwenye daraja la gogo moja.
Akaulizwa mbele ya wote:
"Wewe ni wa upande gani?"

Akasema, "Wa hapa."

Walicheka. Ningependa kusema kilikuwa kicheko kikubwa.
Kilikuwa kile kidogo,
cha kufunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo.
Mimi nilikuwa safu ya mbele,
na kitabu changu kilipanda pia.

Lugha yetu ilikuwa imetuachia nafasi:
anakuja, analima, amechoka.
Hiyo a- ndogo haimfunui mtu nguo.
Wakaona inawabana.
Bombani nikasikia kwa masikio yangu:
Kile kimepita. Kimevaa nini leo?
Mbona hakionekani, kimekufa?
Ngeli ya kiti. Ngeli ya kijiko, ya kisu.
Ndoo yangu ilijaa, ikamwagika,
nikaendelea kuitazama.

Mama hakuthubutu kusema kile.
Hakuthubutu kusema lingine lolote.
"Chakula kipo," alisema mlangoni,
akiuambia mlango,
akikiambia chakula chenyewe.

Usiku niliamka kusikiliza pumzi.
Nilihamisha vitu mle ndani
bila kumweleza mtu nahamisha nini.

Bibi alimwita Lusajo angali tumboni.
Baraka, basi. Hakungoja aone.
Kinyakyusa humpa jina hilo yeyote atakayetokea.
Bibi amelala nyuma ya migomba sasa,
na siku ile nilimwonea wivu kwa kutosikia kwake.

Mwisho tukashuka hospitali:
kwa miguu hadi lami, kisha pikipiki,
dereva, mimi nyuma,
Lusajo katikati tena.
Fomu iliuliza: Me au Ke.
Muuguzi, Mkinga kwa lafudhi, alishika kalamu kitambo
kisha akakiruka kisanduku.
"Analala?" aliniuliza mimi.
Akajirekebisha, akamgeukia mwenyewe:
"Unalala?"
Lusajo alilia hadi foleni nzima ikageuza shingo.

Sitasema amepona.
Vidonge vinakausha mdomo,
vinatetemesha vidole juu ya vichipukizi vya chai,
na msimamizi wa shamba hupima kilo, hapimi sababu.
Jumatano moja baada ya nyingine tunashuka.
Kwaya hatujarudi, yeye wala mimi.
Mwalimu alituma salamu, zangu peke yangu.
Nikamrudishia.

Jana nikikata majani ya ng'ombe
niliisikia ng'ambo ya migomba, imekwaruza,
ikishuka mahali pa kupanda,
ikisimama, ikijaribu tena.
Ulimi ulinitoka nusu niingie na sauti ya kwanza.
Nikaurudisha. Niliwahi kunyamaza vibaya;
safari hii ninyamaze vizuri.

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.
Akasimama chini ya manyunyu,
akapapasa neno kama mtu anayetafuta kitasa gizani,
macho yake kwangu, kisha kule kwenye migomba.

"A..." akasema.
"Amekula?"